Unaishi Mbezi ipi? Majibu kuhusu anwani, madodoso ya safari na ramani

Katika utafiti wa safari za kaya, mhojaji hupita nyumba kwa nyumba akimuuliza kila mwanakaya jana alikwenda wapi, saa ngapi, kwa chombo gani na kwa shughuli gani. Majibu huja kwa maneno, lakini wanaopanga barabara na mabasi wanataka nukta kwenye ramani. Barua za mara hii zote zimetoka kwa watu waliokwama hapo katikati.

SWALI: Tumemaliza kukusanya madodoso ya kaya jijini Dar es Salaam. Safu za "alikotoka" na "alikokwenda" zimejaa majibu kama Mbezi, Morocco, Kimara Korogwe na K/koo. Tulipozipakia kwenye huduma ya mtandaoni ya kutafuta anwani, nukta nyingine ziliangukia Tanga na nyingine Afrika Kaskazini. Tuanzie wapi kusafisha?
*Mchakataji takwimu, Dar es Salaam*

JIBU: Msizipakie safu nzima kwa mkupuo. Huduma hizo zimejengwa kwa ajili ya miji ambayo anwani ni namba ya nyumba na jina la barabara. Zikipewa jina tupu, hulipeleka mahali maarufu zaidi penye jina hilo. Kituo cha Morocco pale Kinondoni kinamezwa na nchi ya Moroko, Kimara Korogwe inakwenda Korogwe mjini, Namanga ya Msasani inahamia mpakani mwa Kenya, na aliyeandika "Morogoro Road" anajikuta Morogoro.

Kwanza punguzeni idadi ya vitu vya kutafuta. Mtu aliyetoka nyumbani, akaenda kazini, akapitia sokoni kisha akarudi ana safari tatu, yaani miisho sita, lakini mahali ni patatu tu. Tengenezeni jedwali la pembeni lenye mstari mmoja kwa kila mahali pa kila mtu: namba ya kaya, namba ya mwanakaya, aina ya mahali, maneno aliyoyasema. Kila "nyumbani" irithi nukta ya kaya iliyochukuliwa mlangoni. Kila "kazini" irithi nukta moja ya kazi ya mtu huyo. Mkitafuta kila mwisho wa safari peke yake, "Kariakoo" ya asubuhi na "K/koo" ya jioni za mtu yuleyule zinaweza kupata nukta mbili tofauti, nanyi mtaandika ripoti yenye safari fupi ambazo hakuna aliyezitembea.

Kisha tahajia. Wahojaji wana mikato yao: K/koo, M/nyamala (Mwananyamala), G/Mboto (Gongo la Mboto), T/Segerea (Tabata Segerea). Mbezi Louis mtaikuta imeandikwa Luis, Louis na Luisi. Safu ya asili msiiguse. Ongezeni safu mpya ya jina lililosanifishwa, ili anayetilia shaka aweze kurudi kwenye neno alilolitamka mhojiwa. Programu za kulinganisha majina kwa tofauti ya herufi zinasaidia, ila kwa majina mafupi wekeni kikomo cha herufi moja. Mkiruhusu mbili, Kigogo inakuwa Kigoma.

Baada ya hapo jengeni orodha yenu wenyewe ya majina ya mahali. Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na ndiyo watu wengi wanaoiruka kwa sababu haina kitufe cha kubonyeza. Vuteni kutoka OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa wote, vituo vya daladala na vya mabasi ya mwendokasi, masoko, shule, hospitali, misikiti, makanisa na mitaa. Dar es Salaam ina bahati hapa, kwa kuwa mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwaingiza wanafunzi na wakazi katika kuchora mitaa yao, na kazi hiyo iko wazi kwa yeyote. Kila jina liwe na safu ya majina mengine (Barabara ya Nyerere wapo wanaoiita Pugu Road hadi leo), safu ya kata, na safu ya tarehe.

Tarehe inasahauliwa sana. "Stendi ya Ubungo" katika dodoso la 2018 ni mabasi ya mikoani. Mwaka 2021 mabasi hayo yalihamia kituo cha Magufuli kule Mbezi Louis. Fomu ya zamani inayosema "Kimara, wilaya ya Kinondoni" nayo haina kosa, iliandikwa kabla Ubungo haijawa wilaya. Na Hospitali ya Muhimbili sasa ni mbili, ya Upanga na ya Mloganzila, zilizo mbali kiasi cha kuharibu hesabu yoyote ya umbali.

Majina yatakayobaki bila nukta ndiyo yaende mtandaoni, tena yakiwa yamefungiwa: nchi Tanzania peke yake, longitudo 39.0 hadi 39.6, latitudo -7.2 hadi -6.5. Seva ya umma ya Nominatim, huduma ya kutafuta anwani ya OpenStreetMap, inaruhusu ombi moja kwa sekunde na si zaidi, ukizidisha unafungiwa. Wanaokwenda Kibaha, Bagamoyo au Chalinze wataanguka nje ya mipaka hiyo, kwa hiyo fanyeni mzunguko wa pili wenye mipaka mipana, lakini kwa waliokosekana tu.

Sasa Mbezi, maana ziko mbili: Mbezi Louis na Mbezi Beach. Chukueni mstari mmoja. Alikotoka: "Mbezi". Kuondoka: saa 11:40 alfajiri. Chombo cha kwanza: daladala hadi Kimara. Cha pili: mwendokasi hadi Kivukoni. Hii ni Mbezi Louis kwenye Barabara ya Morogoro, kwa sababu mkazi wa Mbezi Beach hana haja ya kuzunguka hadi Kimara ndipo aende Kivukoni. Angesema alipanda daladala hadi Mwenge, uzito ungeelekea Mbezi Beach. Angesema alipita Goba, bado hamna jibu, maana barabara ya Goba inaunganisha pande zote mbili, Mbezi Louis na Tangi Bovu iliyo upande wa Mbezi Beach. Hapo tazameni nauli, muda aliotumia, na safari ya kurudi jioni, ambayo mara nyingi imeandikwa kwa maelezo mengi zaidi kuliko ya asubuhi. Vyote vikishindikana, andikeni "Mbezi, haijaamuliwa" na muiache hivyo. Msibahatishe.

Mwisho, kila nukta ibebe alama ya usahihi wake. Mfumo rahisi unaotosha: 1 ni GPS iliyochukuliwa mlangoni, 2 ni jengo au taasisi inayojulikana, 3 ni kituo au makutano ya barabara, 4 ni mtaa tu ndio unaojulikana, 5 ni kata tu ndiyo inayojulikana, na 9 ni haikupatikana. Bila safu hii, nukta ya mlangoni na nukta iliyowekwa katikati ya kata zinafanana kabisa kwenye jedwali, na mtu atakayekuja baadaye atapima umbali wa kutembea kwenda kituoni kwa kutumia zote mbili.

SWALI: Shikamooni wahariri. Sisi ndio tunaanza, madodoso hayajachapwa. Tuulizeje anwani ili tusije tukateseka mwishoni?
*Msimamizi wa wahojaji, Mwanza*

JIBU: Marahaba. Kwa nyumbani msiulize anwani, chukueni nukta. Simu yenye ODK au KoboCollect, programu za kujazia madodoso, huonyesha usahihi kwa mita wakati inatafuta setilaiti. Mhojaji asubiri namba ishuke chini ya 10 kabla ya kuhifadhi. Chini ya bati au kwenye korido nyembamba kati ya kuta namba hiyo hukwama juu, basi atoke mlangoni, simu aishike wazi, asubiri dakika moja au mbili. Nukta ichukuliwe mwanzo wa mahojiano. Wanaoiacha mwisho huikumbuka wakiwa barabarani, wakaihifadhi palepale, nanyi mkifungua ramani mtakuta kaya nane zimesimama kwenye kijiwe cha bodaboda.

Nambari zilizo ukutani zinachanganya sana. Nyumba moja inaweza kuwa na namba ya kiwanja na kitalu kutoka ofisi ya ardhi, kibao cha namba ya nyumba kutoka Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, namba ya mita ya umeme, na maandishi ya chaki au rangi yaliyoachwa na zoezi ambalo hakuna anayelikumbuka. Kila moja iwe na kisanduku chake kwenye fomu. "Kitalu C, Na. 45" na "Nyumba Na. 45" ni vitu viwili tofauti, na vikiingia safu moja havitenganishiki tena. Sanduku la posta liacheni kabisa: S.L.P. inawaonyesha barua zinakochukuliwa, si mtu anakolala.

Kwa mahali pengine, ambako mhojaji hafiki, ulizeni kwa mpangilio ambao mtu angemwelekeza mgeni kwenye simu. Ulishuka kituo gani? Kutoka kituoni ulielekea upande gani, ukatembea dakika ngapi? Pale penyewe pako karibu na nini, msikiti, shule, gereji, ofisi ya serikali ya mtaa? Pako mtaa gani? Vipande vinne hivyo, kila kimoja na kisanduku chake, vinashinda mstari mmoja mrefu ulioandikwa "eneo". Kituo peke yake kinakufikisha jirani. Dakika za kutembea na alama ndivyo vinavyokupeleka mlangoni. Alama nayo iwe na jina. "Karibu na duka la dawa" haisaidii kitu, "karibu na Shule ya Msingi" na jina lake inasaidia.

Simu ikiwa na ramani iliyopakuliwa kabla, mhojaji anaweza kumwomba mhojiwa aonyeshe kwa kidole. Hili linafanya kazi vizuri kwa vijana na madereva, na vibaya kwa wengine wengi ambao hawajazoea kuuona mji wao kutoka juu. Mhojaji asimlazimishe mtu, na asibonyeze kwa niaba yake halafu akaandika kwamba mhojiwa ndiye aliyeonyesha.

Siku ya kwanza ya kazi, jioni, fungueni data ya siku hiyo kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, mbele ya wahojaji wote. Nukta iliyotua ziwani wataicheka wenyewe, na kesho yake haitatokea.

SWALI: Kama kila kaya ina postikodi, kwa nini tusitumie hiyo tu?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Kwa sababu tarakimu zake tano zinaishia kwenye kata. Kama kanda zenu za usafiri, yaani maeneo mliyougawia mji kwa hesabu za safari, ni kata zilezile, inatosha, tumieni. Kama mnataka kujua nani anaweza kutembea hadi kituoni, haitoshi: kata kama Kariakoo unaivuka kwa miguu, lakini za pembezoni mwa Dar es Salaam, kama Msongola, ni pana na katikati yake kijiometri panaweza kuwa shambani ambako haishi mtu. Mkilazimika kutumia katikati ya kata, itafuteni kwa kutumia majengo: chukueni wastani wa mahali majengo yalipo, si wa umbo la mpaka.

SWALI: Nukta zetu za Dar es Salaam zinatokea Hispania na nyingine Ethiopia. Na zilizobaki Dar hazikai sawa na ramani ya mitaa tuliyopewa. Kosa ni letu au la ramani?
*Mhandisi mdogo, Morogoro*

JIBU: Ni makosa matatu tofauti. Dar es Salaam iko karibu na latitudo -6.8 na longitudo 39.28. Mkizibadilisha nafasi mnapata latitudo 39.28 na longitudo -6.8, na hapo ni Hispania, magharibi mwa Cáceres karibu na mpaka wa Ureno. Badilisheni safu mahali, basi. Mkipoteza alama ya kutoa, 6.8 kaskazini na 39.28 mashariki ni milimani kusini mwa Ethiopia. Mara nyingi aliyefanya hivyo ni mtu aliyechapa kwa mkono akaona kile kistari ni uchafu. Na mkiona nukta baharini kusini mwa Ghana, pale ni sifuri na sifuri: visanduku vilikuwa vitupu, programu ikavijaza.

Kutokaa sawa na ramani kunategemea kiasi. Kama kila kitu kimesogea kwa karibu mita 300, tena zaidi kwa kaskazini-kusini kuliko mashariki-magharibi, ramani yenu ya mitaa imechorwa kwa mfumo wa zamani wa Arc 1960 huku simu zikitoa WGS 84, mfumo wa GPS. Msiisogeze kwa mkono. Iambieni QGIS mfumo halisi wa faili hilo, yaani namba ya mfumo EPSG 21037 (Arc 1960) badala ya 32737 (WGS 84), kisha muibadilishe rasmi. Kama tofauti ni ya mita 10 au 15, hiyo ni simu tu, endeleeni na kazi.

Angalieni pia desimali. Jedwali likikata 39.28512 ikawa 39.29, nukta imehama zaidi ya nusu kilomita. Desimali tano zinatosha kwa kazi yoyote ya aina hii, ni kama mita moja. Zikikatwa hadi tatu, kila hatua ni takriban mita 110, na mtaona nukta zimejipanga kwenye ramani kama miche ya mpunga.

Makosa hayo yanaonekana kwa macho. Mabaya zaidi ni nukta zilizo ndani ya jiji lakini si mahali pake, na dawa yake ni kasi. Pimeni umbali wa mstari ulionyooka kati ya mwanzo na mwisho, gawanyeni kwa muda. Anayetembea kwa miguu kilomita 12 kwa saa, au daladala inayokata mji kwa kilomita 60 kwa saa wakati wa asubuhi, irudishwe kukaguliwa. Ila kabla ya kulaumu nukta, kagueni saa: mhojaji akiandika 1:00 akimaanisha saa moja asubuhi, kompyuta inasoma saa saba usiku. Mwisho ulioandikwa kwa mfumo mmoja na mwanzo kwa mwingine unaleta safari ya saa sita kutoka Sinza hadi Magomeni.

SWALI: Hamjambo? Huku Nairobi watu wanataja steji na namba ya matatu, sio mtaa. Orodha ya steji tutaipata wapi, na inaaminika?
*Mwanafunzi wa mipango miji, Nairobi*

JIBU: Hatujambo. Anzeni na data ya Digital Matatus, mradi uliochora njia za matatu za Nairobi na kuziweka wazi. Ina majina ya steji na njia zake. Izingatieni kama picha ya wakati wake, maana steji huhamishwa, za katikati ya mji hasa. Namba ya njia msiitupe. Githurai 44 na Githurai 45 zimepata majina kutoka namba za matatu, moja upande wa Kamiti Road na nyingine Thika Road, kwa hiyo "Githurai" tupu bila namba haijasema lolote. Kahawa ni vilevile: West, Sukari na Wendani. Mtu akitaja Kahawa, mhojaji aulize hapohapo.

SWALI: Baada ya kazi yote tumebaki na safari ambazo hazina nukta. Bosi anasema zifutwe tuendelee. Sawa?
*Mchambuzi, Dar es Salaam*

JIBU: Si sawa, kwa sababu hazikosekani kwa bahati nasibu. Zinazokosekana ni za maeneo yasiyopimwa ambako barabara hazina majina, za vibarua wanaobadilisha eneo la kazi kila siku, za wachuuzi wasio na mahali pamoja, na safari fupi za miguu kwenda gengeni au kisimani ambazo mhojiwa alizisema kwa maneno mawili. Mkizifuta, ripoti yenu itapunguza watembea kwa miguu na kuongeza wenye magari, na fedha za barabara zitafuata ripoti.

Zibakisheni kwenye hesabu ya idadi ya safari, vyombo na shughuli, ambazo hazihitaji nukta. Kwa jedwali la kutoka kanda hadi kanda, ishusheni kila safari hadi ngazi mnayoweza kuitetea: kama mtaa unajulikana, chagueni jengo moja kwa bahati nasibu ndani ya mtaa huo na muipe alama ya 4, kama kata tu, fanyeni hivyohivyo kwa kata na alama ya 5. Zilizobaki na alama ya 9 zitolewe kwenye jedwali hilo, halafu zilizopatikana zenye chombo kilekile, shughuli ileile na wilaya ileile ya nyumbani ziongezewe uzito kufidia, yaani kila moja ihesabiwe zaidi ya moja. Kwenye ripoti chapisheni idadi ya kila alama, kwa kila chombo. Mkurugenzi hataipenda, lakini msomaji makini ataitafuta kabla ya kitu kingine chochote.

SWALI: Chuo kinataka tuweke data yetu wazi, pamoja na nukta. Tukiondoa majina ya watu inatosha?
*Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam*

JIBU: Haitoshi. Nukta ya GPS ya mlangoni ni utambulisho mkubwa kuliko jina. Wenye jina moja ni wengi, mlango ni mmoja. Na hata nyumbani pakifichwa, nyumbani kwa makadirio pamoja na kazini kwa usahihi vinatosha kumpata mtu mmoja katika mtaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu, na kwa Kenya kuna sheria ya 2019.

Njia salama zaidi ni kutoa namba ya kanda tu, huku nukta zikibaki kwenye faili lililofungwa kwa neno la siri, mbali na madodoso. Mkilazimika kutoa nukta, sogezeni kila kaya upande wowote kwa umbali wa nasibu kati ya mita 100 na 500, mkihakikisha inabaki ndani ya mtaa wake. Bila sharti hilo, kaya za Msasani na Kigamboni zitaanza kuishi baharini. Kaya moja isogezwe mara moja tu. Mkitoa toleo jipya kila mwaka lenye msogeo mpya, mtu atachukua wastani wa matoleo na kurudi karibu na mlango.

Umbali wa safari uhesabuni kwa nukta halisi kabla ya kusogeza, la sivyo safari za miguu za mita 300 zitapoteza maana. Kisha uchapisheni ukiwa umekadiriwa hadi nusu kilomita iliyo karibu: umbali kamili hadi shule, soko na kituo vinavyojulikana, ukichorwa kwa bikari, unakutana kwenye paa moja.